Jogoo Mkali Bandani: Namna ya Kumtuliza, na Lini Umwondoe

Kuna namna jogoo anavyosimama kabla ya kukurukia, na ukishaijua huisahau. Anaacha kuchakura. Anageuza kichwa upande, jicho moja linakukazia. Bawa la upande wako linashuka mpaka ncha za manyoya zinagusa vumbi, kisha anaanza kuja mshazari, hatua fupifupi, kama mtu anayejidai anakwenda kwingine. Manyoya ya shingo yanatanuka. Anadonoa chini mara mbili tatu wala haokoti kitu. Halafu miguu yote miwili inaacha ardhi.

Wengi wetu hapo hufanya moja kati ya mawili: tunakimbia, au tunampiga teke. Yote mawili yanampa jogoo somo lilelile, kwamba wewe ni jogoo mwenzake. Anayekimbia ni jogoo aliyeshindwa na kesho afukuzwe tena. Anayepiga teke ni jogoo wa kupambana naye upya. Mimi niliyafanya yote mawili, na jogoo wangu wa kwanza aliharibika mikononi mwangu kwa muda wa miezi miwili tu. Wale waliofuata ndio walionifundisha ninachokiandika hapa: jogoo husoma miguu. Unavyotembea ndani ya eneo lake ndivyo anavyokuelewa, na ukitaka abadilike, anza na mwendo wako.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kuku wachache nyumbani, mitetea watano, kumi au ishirini, na jogoo mmoja au wawili.

Hatua ya 1: Jiridhishe kwamba ni ukali, si kazi yake

Jogoo ana kazi zake: kupanda mitetea, kuwaita kwenye chakula na kuwalinda. Hii ya kulinda ndiyo inayotuchanganya. Mwewe akipita juu, jogoo hutoa mlio mmoja mwembamba wa kuvuta, na kuku wote hujikunyata au hukimbilia chini ya kitu. Mbwa au paka akija kwa ardhini, mlio ni mwingine kabisa, wa kelele na wa kukatikakatika, naye husimama shingo juu. Jogoo anayekuja mbio kwa sababu umemshika mtetea akapiga yowe anafanya kazi hiyohiyo. Yule anayesimama kati yako na kuku wake akikutazama, bila kukusogelea, naye yuko kazini. Hawa usiwaguse.

Mkali ni yule anayekufuata bila kuchokozwa. Unapita mbali, mitetea wametulia, naye anakata uwanja mzima kukujia. Mkali zaidi ni yule anayengoja ugeuze mgongo.

Angalia na umri. Pora, yaani jogoo kijana, hupevuka akiwa na miezi minne hadi sita, na homoni zilezile zinazomfanya aanze kuwika ndizo zinazomtia moto wa kupigana. Ndiyo maana kifaranga mpole uliyemlea kiganjani anaweza kukugeuka ndani ya wiki moja ukabaki unajiuliza umemkosea nini. Hujamkosea, amebalehe. Mahali ambapo urefu wa mchana hubadilika sana kwa majira, moto huo huwaka tena siku zinapoanza kurefuka.

Ila jogoo mzima aliyekaa na watu vizuri mwaka au miwili, kisha akabadilika ghafla, mkague kabla ya kumhukumu. Fungua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka tundu la kinyesi utafute chawa na utitiri. Usiku mulika nyufa za fito wanazolalia, kwa kuwa utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kupanda kunyonya damu gizani. Geuza nyayo utazame kama kuna uvimbe wenye kidonda cheusi katikati. Mnyama mwenye maumivu hana subira, na huyo anahitaji dawa.

Hatua ya 2: Kinga miili kwanza

Kipi, yaani ule mwiba unaoota nyuma ya mguu juu kidogo ya vidole, ni mfupa uliovikwa gamba gumu kama la kucha. Kwa pora ni kinundu tu. Kwa jogoo wa miaka mitatu unaweza kulingana na kidole chako cha mwisho, na ncha yake inatoboa suruali. Kwa hiyo, kuanzia leo hadi mambo yatulie, usiingie na kandambili. Vaa buti ndefu na suruali nzito, na shika kifuniko cha ndoo au sinia la zamani mkononi. Hicho ni ngao, si silaha.

Jeraha la kipi hudanganya. Kwa nje ni kitundu kidogo, lakini limezama, na mguu wa kuku umekanyaga kila uchafu wa banda. Lioshe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kadhaa, usilizibe kwa kitu kisichopitisha hewa, na kama chanjo yako ya pepopunda ni ya zamani au huikumbuki, nenda ukachanjwe. Jeraha la kwenye kiungo, kwenye mkono au karibu na jicho halisubiri kesho. Vivyo hivyo ukiona wekundu unaotambaa, joto au usaha.

Sasa kuhusu watoto, na hapa sina mjadala. Jogoo anaporuka anaweza kufika kwenye paja lako hata kiunoni. Mtoto wa miaka mitatu au minne, uso wake na macho yake yako karibu na kimo hichohicho. Na mtoto hufanya kila kinachomwasha jogoo: anakimbia, anapiga kelele, anachuchumaa, anamkimbiza mtetea. Jogoo aliyekwisha kumrukia mtu yeyote, hata mara moja, asiachiwe kabisa wakati mtoto mdogo yuko nje. Hatua zote zinazofuata ni za watu wazima. Usimweke mtoto kwenye mafunzo ya jogoo ili "azoee".

Hatua ya 3: Tafuta kinachomwasha

Tumia siku tatu kumtazama tu ukiwa nje ya uzio, kisha ukiwa ndani na ngao yako. Andika: ni saa ngapi, ulibeba nini, ulivaa nini, ulikuwa wapi, kuku walikuwa wapi. Unaona ni kazi ndogo, lakini mara nyingi ndiyo inayomaliza nusu ya tatizo.

Jogoo wangu wa pili alikuwa akimrukia mtu mmoja tu nyumbani, na si kila siku. Tulidhani ni chuki. Nilipoanza kuandika nikaona zile siku zote zilikuwa za asubuhi zenye upepo na baridi, na mtu huyo alikuwa amevaa koti refu lisilofungwa vifungo. Ncha ya koti ilikuwa ikipepea chini, upande mmoja, kwenye kimo cha jogoo. Kwake yeye lilikuwa bawa lililoshushwa. Alikuwa anaitwa kwenye pambano kila asubuhi, naye anaitikia. Koti lilipofungwa vifungo, akaacha.

Vitu vingine vya kuchunguza ni ndoo inayoning'inia na kubembea, ufagio unaofagia kuelekea kwake, buti mpya za rangi kali, kuinama kwenye viota mgongo ukiwa upande wake, na kupita katikati yake na mitetea. Mtu anayeingia kimya kimya na kutokea ghafla mlangoni naye humshtua, na jogoo aliyeshtuka hushambulia kwanza.

Hatua ya 4: Badili mwendo wako

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Mwaka 1921 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, aliandika jinsi wanavyopangana vyeo kwa kudonoana: wa juu humdonoa wa chini yake, naye humdonoa anayemfuata, mpaka wa mwisho asiye na wa kumdonoa. Wapo waliolisikia hilo wakahitimisha kwamba basi mwenye kuku lazima awe jogoo mkuu. Mimi naona ni kosa. Ukuu miongoni mwa majogoo hujaribiwa tena na tena, kila kijana anapopata nguvu. Usiingie kwenye ngazi yao kabisa. Kuwa kitu kinachopita tu, kisichopigana na kisichokwepa, kama ng'ombe anayevuka uwanja. Jogoo hapigani na ng'ombe, humpisha.

Ndivyo unavyofanya, asubuhi na jioni, dakika kumi kila mara.

Kabla ya kufungua mlango toa sauti, ile ile kila siku. Mimi hugonga ndoo mara mbili. Ingia, funga nyuma yako, tembea kwa mwendo wa kawaida na mstari ulionyooka kuelekea unakokwenda. Usimzunguke. Akiwa njiani mwako, endelea na kifuniko kikiwa mbele ya magoti, polepole, mpaka yeye asogee. Usimguse, usimsukume kwa nguvu. Unachotaka ni uamuzi wake mwenyewe wa kusogea, na kila anapousogeza mguu wake kukupisha, somo linaingia. Hakikisha tu ana pa kupitia. Jogoo aliyebanwa kwenye kona hana uamuzi mwingine ila kuruka.

Akianza ile ngoma ya bawa moja, simama. Mgeukie kifua kwa kifua, simama wima, tandaza mikono kidogo, na usiseme kitu. Subiri. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana dakika mbili mbele ya jogoo aliyevimba ni ndefu. Utaona mabadiliko kwa utaratibu huu: manyoya ya shingo yanalala kwanza, kisha kichwa kinageukia pembeni, kisha anaanza kudonoa kitu cha kweli au kujichambua manyoya. Hapo piga hatua mbili tulivu kwenda pale aliposimama. Akiondoka, na wewe endelea na kazi yako kama vile hakuna lililotokea.

Akiruka, akutane na kifuniko. Shikilia imara tu, usikitumie kumpiga. Usirudi nyuma hata hatua moja, na usimkimbize. Hapa pana mtego. Ukishamzuia na damu ikakupanda, mkono unataka kumalizia, unamfukuza uwanja mzima mpaka kwenye ukuta. Umeshampa pambano alilolitaka. Piga hatua moja mbele, simama, subiri kama mwanzo.

Ukimaliza kazi usitoke wakati amevimba. Ngoja atulie, hata kama umechelewa, ndipo utoke, na utoke ubavu, jicho likiwa kwake. Jogoo anayeona mtu anaondoka kila anapovimba amejifunza kwamba kuvimba kunalipa.

Mbegu au mabaki ya chakula yatupe mbali na miguu yako, mita mbili tatu pembeni, usimlishe mkononi. Akienda pale, akaokota punje akaidondosha, akaita mitetea kwa ile sauti ya harakaharaka, basi umempa kazi yake aifanye kwa heshima, na jogoo aliye kazini hana nafasi ya vita. Mtetea ukihitaji kumshika, mshike usiku. Yowe la mtetea mchana linaweza kufuta wiki nzima ya mafunzo.

Tarajia wiki ya kwanza iwe mbaya kuliko ilivyokuwa, kwa sababu anajaribu kwa nguvu zaidi njia iliyokuwa ikimfaa. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu utaona dalili ndogo: anawaongoza mitetea pembeni unapoingia, anaendelea kula ukiwa karibu, anawika akiwa amekugeuzia ubavu. Na kila mtu mzima wa nyumbani anayeingia bandani afanye hivihivi. Kuku hutambua watu mmoja mmoja, kwa hiyo jogoo anaweza kukuheshimu wewe na kuendelea kumtesa yule anayekimbia.

Hatua ya 5: Mzoeze kushikwa, usiku

Wapo wanaomkamata jogoo mchana mbele ya mitetea wake, wakamlaza chini na kumbana shingo "ajue nani mkubwa". Wapo wanaomning'iniza kwa miguu kichwa chini. Usifanye hayo. Kuku hana kiwambo cha kumsaidia kupumua kama sisi. Hupumua kwa kunyanyua na kushusha mfupa wa kidari. Ukimkandamiza kifuani unamziba pumzi, na akiwa kichwa chini matumbo yake yanalemea mifuko ya hewa. Kutulia kwake hapo si adabu, ni kukosa hewa na hofu.

Nenda saa moja hivi baada ya giza, na tochi yenye mwanga hafifu. Kuku huona vibaya gizani, kwa hiyo hata jogoo mkali huwa laini akiwa kwenye fito. Weka kiganja juu ya mabawa yote mawili kwa wakati mmoja, mkono wa pili uingie chini ya kifua na ushike miguu kidole kimoja kikiwa katikati yake. Mlete kwapani, kifua chake kikiwa kimelala juu ya mkono wako, mabawa yamebanwa na mbavu zako kwa ulaini. Kaa naye dakika kumi hadi kumi na tano. Mwanzoni utasikia moyo wake unavyopiga kwenye mkono wako. Baadaye shingo inalegea na kichwa kinaanza kushuka. Hapo mkague miguu na manyoya, kisha mrudishe palepale alipokuwa. Ukimweka sakafuni gizani atahangaika kutafuta fito.

Fanya hivyo usiku mmoja mmoja, kwa wiki mbili. Ni nyongeza tu. Mwendo wa mchana ndio unaotibu.

Hatua ya 6: Panga eneo upya

Msongamano hutengeneza wakali. Ndani ya banda kadiria angalau robo tatu ya mita kwa nusu mita kwa kila kuku, na nje mita moja ya mraba au zaidi. Ukiweza kuwapa zaidi, wape. Kuwe na vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, vilivyowekwa mbalimbali ili jogoo asiweze kuvilinda vyote. Weka na vitu vya kukata macho: gogo, ubao uliosimamishwa kwa mshazari, kichaka. Mtetea anayefukuzwa akiweza kuzunguka kitu akapotea machoni, mara nyingi kisa kinaishia hapo.

Jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi na wawili ni kipimo kizuri. Jogoo mmoja kwa mitetea watatu ni mateso kwa hao watatu. Na majogoo wawili kwa mitetea sita, hapo ndipo utakapouona ukweli wa fahali wawili kutokaa zizi moja. Wanaweza kuishi pamoja kama walikua pamoja, mitetea ni wengi na eneo ni kubwa, lakini siku pora anapopevuka uwe tayari kuwatenganisha.

Kisha punguza sababu za wewe kuingia. Chombo cha maji kinaweza kujaziwa kwa nje kupitia tundu la wavu. Viota vikiwa na mlango wa nje, unaokota mayai bila kumwinamia mtu mgongo. Kama ni lazima uingie kufagia, tengeneza chumba kidogo cha wavu ndani ya eneo, na mzoeze jogoo kulishwa humo kila asubuhi. Anaingia mwenyewe, unafunga, unafanya usafi wako kwa raha, unamfungulia. Kati ya vitu vyote nilivyojenga bandani, chumba hicho ndicho nisichoweza kukaa bila.

Hatua ya 7: Vipi (miiba ya miguuni)

Kumpunguza vipi hakumbadilishi tabia, lakini kunapunguza madhara kwako na kwa migongo ya mitetea. Fanya usiku, mtu mmoja amshike, mwingine atumie tupa. Sugua ncha tu mpaka iwe butu na ya duara. Katikati ya kipi kuna mfupa wenye damu, kwa hiyo usikate kwa kina. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi chenye unga laini mpaka ikome. Ile njia ya kuchomeka kiazi cha moto kwenye kipi ili gamba linyofoke, mimi siipendekezi. Huunguza mguu, na kinachobaki chini ni laini na kinauma.

Kama kipi kimejikunja kinaelekea kuingia mguuni, hilo ni la daktari wa mifugo.

Hatua ya 8: Tazama migongo ya mitetea

Watu hujali jogoo anapowashambulia wao, wakasahau wanaokaa naye usiku na mchana. Kupanda kwa kawaida huchukua sekunde chache: jogoo hushika manyoya ya kisogo, hupanda, hushuka, mtetea hujikung'uta na kuendelea kula. Manyoya machache kukatika mgongoni ni jambo la kawaida, hasa kwa mtetea mmoja au wawili anaowapenda zaidi.

Si kawaida ukiona ngozi imebaki tupu, nyekundu, au imechanika chini ya bawa. Chini ya bawa ndipo kucha huteleza, na jeraha hufichwa na manyoya, kwa hiyo nyanyua bawa utazame. Mtetea anayebaki juu ya fito mchana kutwa, au asiyeshuka kula mpaka jogoo aende mbali, anakuambia kitu. Mtetea mwenye jeraha mtoe, msafishe kwa maji yenye chumvi kidogo, mtenge mpaka apone na manyoya yaanze kurudi. Kuku wengine wakiona damu nao watamdonoa. Mwenye mgongo mtupu usio na jeraha unaweza kumvisha kitambaa kigumu cha mgongoni kinachofungwa kwa mikanda kwenye mabawa. Kikague kila siku chache, maana utitiri hupenda kujificha chini yake.

Na jambo moja ambalo bado wengi hawalijui: mtetea hatagi kwa sababu ya jogoo. Hutaga vilevile asipokuwepo, ila mayai hayaanguliwi. Hata ukimtenga leo, mayai yanaweza kuendelea kuwa na mbegu kwa wiki mbili hivi, na pengine zaidi. Kwa hiyo hakuna hasara ya mayai itakayokulazimisha kumvumilia jogoo anayewaumiza.

Hatua ya 9: Weka tarehe, na uiheshimu

Siku unapoanza hatua ya 4, andika tarehe ya wiki ya sita kwenye kalenda. Ikifika, jibu maswali mawili. Je, naweza kuingia bila ngao? Je, mitetea wamepona? Majibu yakiwa ndiyo, endelea hivyohivyo na usirudie mazoea ya zamani. Yakiwa hapana, jogoo huyu si wa uwanja wako. Ukali huwa na sehemu ya kurithi, wapo ambao mafunzo hayawafikii, na kumng'ang'ania mwaka mzima hakumfaidii yeye wala wewe. Kwa sababu hiyohiyo, tangu siku uliyotambua ni mkali, usiangulishe mayai yake.

Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni kumtenga na mitetea kabisa, katika eneo lake mwenyewe lenye kivuli, fito na maji. Majogoo wakikaa peke yao bila mtetea hata mmoja machoni, vita hupungua sana, na wengine huishi hivyo miaka mingi.

Ya pili ni kumpa mtu mwingine, kwa kusema ukweli wote. Usimpeleke kwa nyumba yenye watoto wadogo. Na mwambie anayempokea asidanganyike na wiki ya kwanza. Wahenga waliposema jogoo la shamba haliwiki mjini walikuwa wamemtazama kuku vizuri: akihamishiwa ugenini huwa mpole, anachungulia tu. Akishajua mitetea wapya ni wake, ukali hurudi.

Ya tatu ni kumchinja. Hakuna aibu ndani yake. Mfungie usiku bila chakula lakini na maji, mshike gizani bila mbio, na kisu kiwe kikali kiasi cha kumaliza kwa mara moja. Kama hujawahi kuchinja, mwite mwenye mkono uliozoea. Nyama yake ni ngumu kuliko ya kuku mchanga, hivyo ilaze mahali pa baridi siku moja, kisha ichemshe kwa moto mdogo saa kadhaa.

Wapo wanaouliza kuhusu kuhasi. Korodani za jogoo ziko ndani ya mwili, juu karibu na figo, si kama za mbuzi. Ni upasuaji wa kweli unaohitaji daktari na ganzi, na haufanyiki uani kwa wembe.

Jogoo anayefuata

Ukianza upya, lea mapora wawili au watatu pamoja na kuku wakubwa, usimlee mmoja peke yake mkononi. Anayekua bila kuku hujiona mtu, na akibalehe anapigana na watu. Wazoeze kukuona na kukaguliwa, lakini usiwafanye wa kupakatwa. Tangu wakiwa na wiki nane, kila unapopita, pita katikati yao kwa mstari wako ulionyooka, wakupishe. Yule anayekuja kudonoa kiatu chako, mshushe mara moja kwenye orodha.

Kisha wakifika miezi sita, kaa chini na punje mkononi, zitupe mbali, utazame nani anafanya nini. Mmoja atakula haraka peke yake. Mwingine atamfukuza mwenzake. Na kama una bahati yupo mmoja atakayeokota punje, ataidondosha, ataiokota tena, akiita, mpaka mtetea aje ale yeye, kisha atainua kichwa kutazama angani. Nyanyuka, tembea kumwelekea. Akisogea pembeni hatua mbili bila kelele, akaendelea kuita, huyo ndiye wa kubaki naye.